Dawa ya kuziba uvujaji wa oili kwenye magari ya zamani: inasaidia wapi, na wapi unamwaga fedha

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nimeona niandike kwa kirefu juu ya zile chupa ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya vilainishi na spea, ambazo huahidi kuzuia oili isivuje bila injini kufunguliwa, kwa kuwa haupiti mwezi bila ndugu au jirani kuniuliza kama ni utapeli au ni kweli. Kwa uzoefu wangu, dawa hiyo inatibu ugonjwa mmoja tu, na wengi wanaoilaumu, nikiwamo mimi wakati fulani, waliinunua kabla ya kujua gari linaumwa nini.

Nina Corolla 110 yenye injini ya 5A, ile ya cc 1498. Asubuhi moja nilikuta doa la oili kwenye saruji ya uani, ukubwa wa kisahani cha kikombe cha chai. Nililipeleka gari kwa fundi, akajilaza chini, akapitisha kidole kwenye maungio ya injini na giaboksi, akakitoa kimelowa, na papo hapo akasema ni sili ya nyuma ya krenki, yaani ule mpira wa duara unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea kuelekea giaboksi. Sili yenyewe ilikuwa ya bei ndogo, lakini ili kuifikia ni lazima giaboksi ishuke, na ufundi wake alinitajia laki mbili na nusu. Sikuwa nayo. Nikaenda dukani nikanunua dawa, nikaimimina, nikasafiri hadi Iringa na kurudi Dar es Salaam, safari inayokaribia kilomita 1,000, na niliporudi doa lilikuwa lile lile. Nikawatangazia watu wote kwamba dawa ni maji ya bomba yenye rangi.

Kilichonifumbua macho ni kopo la poda ya watoto. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya mabasi alinishauri nisafishe injini yote kwa sabuni ya kuondoa grisi, niikaushe kabisa, kisha nipake poda kila mahali ninapopashuku, niendeshe kilomita 20 au 30, halafu nifungue boneti mahali penye mwanga. Nilikwenda Kibaha na kurudi. Nilipofungua, poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja mweusi mwembamba, ambao ulianzia chini ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ukateremka kwenye ubavu wa silinda hedi, ukatua juu ya giaboksi, ukaizunguka na kwenda kudondokea pale pale kwenye maungio fundi alipopitisha kidole. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa haina kosa lolote.

Kwenye injini hii distributa imekaa upande wa giaboksi, na shingo yake inazibwa na o-ringi moja ndogo, yaani pete ya mpira. Nilitia alama kwa patasi mahali distributa ilipokuwa imeelekea ili taiming isipotee, nikafungua bolti zake, nikaichomoa. Ile o-ringi ilikuwa imebapa na kukakamaa kama bangili ya plastiki, na nilipoitia ncha ya bisibisi ili niitoe ilikatika vipande viwili. Mpya nilinunua kwa bei isiyozidi soda mbili. Doa halijarudi tangu siku hiyo.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe, kwa sababu tukielewa inavyofanya kazi tutaelewa pia kwa nini ilinishinda. Mpira wa sili unapotoka kiwandani huwa na vilainishi vilivyochanganywa ndani yake, na hivyo ndivyo vinavyoufanya unyumbuke. Joto la injini kwa miaka 15 au 20 huvitoa kidogo kidogo, mpira unasinyaa na kuwa mgumu, na ule mdomo mwembamba wa sili unaoikumbatia shafti hulegeza mkumbatio wake. Dawa za kundi hili huleta vimiminika, aghalabu vya jamii ya esta, ambavyo hunyonywa na mpira, vikaulainisha na kuuvimbisha kidogo, na mdomo ukaigusa shafti tena. Hakuna kinachozibwa kwa gundi. Kwa hiyo mpira uliokakamaa lakini ungali mzima huweza kupata nafuu, ila mpira uliokwisha kubapa au kupasuka, kama o-ringi yangu, hauna cha kurudishiwa.

Wanaodhani jambo hili ni ushirikina wakumbuke kwamba watengenezaji wa oili wenyewe hulifanya kila siku. Kiini cha oili nyingi za sintetiki, kiitwacho PAO, hakiuvimbishi mpira jinsi mafuta ya madini yanavyofanya, bali huelekea kuusinyaza, na oili hizo zilipoanza kuuzwa kwa wenye magari nchini Marekani katika miaka ya 1970 baadhi ya injini zilianza kuvuja. Tiba ilikuwa kuchanganya esta ndani ya oili ili kusawazisha. Mwaka 2000 kampuni ya Valvoline ilileta MaxLife, oili iliyolengwa kwa magari yaliyotembea sana, na ndani yake kuna viungo vya kuhuisha sili. Tofauti yake na dawa ya chupa ni hasa kipimo.

Jambo ambalo dawa haiwezi kabisa ni maungio yaliyozibwa kwa gundi ya silikoni. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwenye injini nyingi za Toyota hazina gasketi ya mpira, zimebandikwa kwa gundi, na gundi ikiachia hakuna mpira pale wa kuvimba. Vivyo hivyo gasketi za karatasi, sampu iliyopasuka kwa kugonga jiwe, nati ya kumwagia oili iliyoharibika meno, na swichi ya presha ya oili inayovujia kwenye plastiki yake. Hiyo swichi muiangalie sana, kwa kuwa iko kwenye njia yenye shinikizo na inaweza kulowesha upande mzima wa injini hadi ukadhani kila sili imekufa.

Nisiwaache na hadithi ya kushindwa peke yake. Mjomba wangu aliyeko Mafinga ana Land Cruiser ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2, ambayo kweli ilikuwa inavuja kwenye sili ya nyuma ya krenki. Tulithibitisha kwa njia ile ile ya poda. Klachi yake ilikuwa bado na maisha, na hakutaka kushusha giaboksi mara mbili katika mwaka mmoja. Tulimwaga oili, tukabadilisha filta, tukatia dawa pamoja na oili mpya, tena zaidi ya chupa moja, kwa kuwa chupa hupimwa kwa lita za oili na injini ile hubeba lita kumi hivi. Wiki ya kwanza hapakuwa na badiliko. Baada ya kilomita 700 au zaidi matone yaligeuka kuwa jasho: chini kunalowa, lakini hakudondoki. Ilikaa hivyo miezi minane, hadi klachi ilipoanza kuteleza na giaboksi ikashushwa, na sili mpya ikawekwa siku hiyo hiyo kwa kazi moja. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pake hasa dawa hii. Ilimpa mzee muda wa kusubiri kazi ambayo ingefanyika kwa vyovyote.

Kabla ya kununua chochote, pimeni kwanza kama injini inapumua. Gesi kidogo hupita kando ya ringi za pistoni na kuingia chini ya injini, na hutolewa kupitia valvu ndogo iitwayo PCV, ambayo kwenye injini nyingi za petroli imechomekwa kwenye tapeti kava na kuungwa na bomba la mpira. Ikiziba kwa tope, shinikizo hujaa ndani na oili husukumwa nje kupitia sili hata kama ni nzima. Washeni injini ikiwa ya moto, fungueni mfuniko wa kujazia oili, wekeni juu ya tundu kipande cha karatasi nyepesi. Karatasi ikivutwa kidogo, mambo ni shwari. Ikirushwa juu, valvu imeziba au ringi zimechoka. Valvu yenyewe ukiichomoa na kuitikisa inapaswa kugonga ndani kama punje kwenye kayamba.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza, fundi, Mbeya

Mkuu, nashukuru kwa uzi ulioandikwa na mtu aliyeshika spana mwenyewe. Naomba nichangie kwa upande wetu sisi tunaoletewa magari baada ya dawa kushindwa.

Tatizo tunaloliona si chupa moja, ni chupa ya tatu. Mtu akitia moja na kuona matone yamepungua, hutia ya pili ili yaishe, kisha ya tatu ili yasirudi. Nimewahi kutoa sili ya mbele ya krenki iliyokuwa imelegea kama ndala iliyolala kwenye mafuta ya taa, unaibonyeza kwa kidole na haikurudi mahali pake. Mpira uliovimba kupita kiasi hupoteza nguvu, mdomo wake huchanika, na uvujaji unaofuata ni mbaya kuliko ule wa mwanzo. Dozi ni moja kwa kila servisi, na kama oili uliyonunua tayari ni ile ya magari yaliyotembea sana, usiongeze dawa juu yake.

Jambo la pili ni shafti. Sili ngumu ikisuguana na shafti kwa miaka mingi pamoja na vumbi la barabara zetu, huichonga mtaro mwembamba. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukikwama, ujue hata sili mpya itavuja. Hapo tuna njia mbili. Ya kwanza ni kuisukuma sili mpya ndani kwa milimita moja au mbili zaidi ya ilivyokuwa, kama nafasi inaruhusu, ili mdomo wake ukae juu ya chuma ambacho hakijaliwa. Ya pili ni kuivisha shafti bushi nyembamba ya chuma, unene wake kama robo milimita, na sili ya kawaida hukaa juu yake bila shida. Dawa haijazi mtaro.

Na la mwisho, ndugu zangu, oili ikivujia ndani ya kava la taiming kwenye injini za mkanda kama hiyo 5A, msicheze na dawa hata siku moja. Mkanda wa taiming ukilowa oili huharibika mapema kuliko kilomita zilizoandikwa. Vilevile oili inayodondokea kwenye manifodi ya eksozi, ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi chini ya boneti unaposimama kwenye foleni, hilo ni suala la moto, gari lisimame siku hiyo hiyo.

Mchangiaji wa pili, Nairobi

Ndugu mleta uzi, huku kwetu fundi wa jua kali ameniambia niachane na dawa na badala yake nitie oili nzito ya 20W-50 kwenye Probox yangu yenye injini ya 1NZ, kwa madai kwamba oili nzito haipiti kwenye tundu dogo. Kitabu cha gari kinataja 5W-30, ambayo ni nyepesi zaidi. Je, ushauri huo una msingi?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, msingi upo, lakini ni mwembamba. Oili nzito huchelewa kupita kwenye mwanya, kwa hiyo matone hupungua siku hiyo hiyo, tena haraka kuliko dawa ambayo husubiri mpira unywe taratibu. Hata baadhi ya chupa zinazoitwa dawa ya uvujaji ni kimiminika kizito tu cha kuongeza unene wa oili. Ukiigeuza chupa kikashuka kama asali, ujue kazi yake kubwa ni hiyo, na ukimwaga oili kwenye servisi ijayo nafuu yote inaondoka nayo.

Shida ni kwamba hiyo 1NZ ina mfumo wa VVT-i, ambao huzungusha shafti ya valvu kwa kutumia oili inayopita kwenye valvu ndogo yenye chujio jembamba. Oili nzito asubuhi ya baridi, na Nairobi ina asubuhi za baridi mwezi wa Julai, huchelewa kufika huko na kufika juu kwenye kemu, yaani hiyo shafti ya valvu. Kama gari limetembea sana unaweza kupanda daraja moja, ukaenda 10W-30 au 5W-40, bila kuruka moja kwa moja hadi 50. Lakini ningekuomba kwanza uniambie inavujia wapi.

Mchangiaji wa tatu, Morogoro

Wakuu, mimi nina Boxer ya bodaboda na inatoa oili kwenye kava la upande wa klachi. Je, naweza kutia nusu chupa, maana injini yangu ni ndogo?

Mchangiaji wa kwanza, fundi, Mbeya

Hapana, mdogo wangu. Kwenye pikipiki yako klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na dawa hizi zilitengenezwa kwa injini za magari ambazo klachi yake ni kavu. Baadhi ya watengenezaji wanaandika kabisa kwenye chupa kwamba isitumike penye klachi ya namna hiyo, kwa sababu sahani zinaweza kuanza kuteleza, na utajikuta umepanda mlima na abiria huku injini inapiga kelele na tairi halivuti. Kava hilo lina gasketi ya karatasi, ni kazi ya saa moja. Kwangua mabaki yote ya gasketi ya zamani bila kuukwaruza uso wa aluminiamu, weka mpya, na ukaze bolti kwa mkato wa msalaba, siyo kwa kuzifuata moja baada ya nyingine.

Mchangiaji wa nne, Tanga

Nami naomba kuuliza jambo lililo jirani na hili. Mark II yangu haina hata tone moja chini, lakini kila baada ya wiki mbili naongeza nusu lita ya oili. Asubuhi nikiwasha hutoa moshi wa bluu kwa sekunde chache, kisha unapotea. Muuzaji wa duka ameniambia dawa hii hii inafaa.

Mleta uzi

Kaka, kwa mara moja muuzaji wa duka anaweza kuwa amesema kweli. Moshi wa bluu wa asubuhi unaotoweka upesi mara nyingi hutoka kwenye sili za valvu, vikofia vidogo vya mpira vinavyozuia oili isiteremke kwenye miguu ya valvu. Vikikakamaa, oili hujikusanya usiku kucha na kuungua gari linapowashwa. Ni mpira, umekakamaa, na unaogeshwa na oili muda wote, kwa hiyo ni mgonjwa anayefaa kwa dawa hii. Lakini kama moshi unaongezeka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, hizo ni ringi za pistoni, ambazo ni chuma, na hapo usipoteze hata shilingi moja.

Ukiamua kutia, fanya hivyo wakati wa servisi na siyo juu ya oili iliyokwisha kuwa lami. Punguza oili kwa kiasi cha chupa, ili kijiti cha kupimia kisipite alama ya juu, kwa sababu oili iliyozidi hupigwapigwa na krenki ikawa povu na kuongeza lile lile shinikizo tunalolikimbia. Kisha endesha gari kama kawaida na usihukumu kabla ya kilomita 600 au 800. Na tafadhali hakikisha umeshika chupa sahihi: dawa ya kuziba rejeta hufanya kazi kwa chembechembe au kwa madini yanayoganda, na ikiingia kwenye oili itakwenda kuziba njia za oili za beringi. Nimeona duka ambalo chupa hizo mbili zimepangwa kwenye rafu moja, rangi moja, na maandishi ya lugha ambayo si mimi wala muuzaji tuliyeweza kuisoma.

Mchangiaji wa pili, Nairobi

Nimerudi na majibu, ndugu. Nimefanya jaribio la karatasi jana jioni na karatasi ilirushwa hadi kwenye betri. Nikaichomoa valvu ya PCV, nikaitikisa, haikutoa mlio wowote. Ndani ilikuwa imeganda tope jeusi. Nimenunua nyingine pale Kirinyaga Road, nikasafisha na bomba lake. Leo nimeegesha juu ya kadibodi tangu asubuhi na kuna tone moja tu, tena pale chini ya filta. Chupa ya dawa niliyokuwa nimekwisha kuinunua sijaifungua, na jirani yangu mwenye Subaru ananiomba nimuuzie.

Mleta uzi

Hongera sana. Hilo tone la chini ya filta, fungua filta uangalie kama ringi ya mpira ya filta ya zamani haikubaki imenata kwenye injini, ikawa filta mpya imekaa juu ya mipira miwili. Hutokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyokubali, na siku mipira hiyo ikisogea oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Chupa mwachie jirani, lakini mpe na poda.